Kitasa cha dirisha kinavuja? Usikimbilie silikoni

Kila masika ikianza, kwangu Kigamboni tone lilikuwa linatokea palepale, chini ya kitasa cha dirisha linaloelekea baharini. Ni dirisha la aluminium la kusukuma nje, bawaba juu, kitasa chini. Ushauri nimepewa wa kila namna, na mwingi nimeulipia.

“Maji yanapotokea ndipo yanapoingilia.” Hii ndiyo dhana iliyonitia hasara kuliko zote. Vyuma vya aluminium vina uwazi ndani kama bomba. Maji yanaweza kupenya kwenye kona ya juu ambako raba imeachana, yakateremka ndani kwa ndani hadi yakutane na tundu la kwanza, na tundu hilo mara nyingi ni la skrubu za kitasa. Kwa hiyo kitasa ni mahali pa kutokea tu. Fundi wangu wa kwanza alikizungushia silikoni kitasa chote. Wiki moja baadaye maji yalihamia ukutani chini ya dirisha, na lipu ikaanza kubanduka.

Kulijua tundu halisi si kazi ngumu. Chukua mpira wa maji, umwache mtu ndani na tochi, kisha mwagia dirisha kuanzia chini. Kaa dakika kadhaa kabla ya kupanda juu kidogo. Ukianzia juu unalowesha kila kitu kwa pamoja, halafu hujui lolote.

“Dirisha zuri haliingizi hata tone.” Wengi wetu tunashangaa tukiambiwa kwamba dirisha la aina hii limeundwa likitegemea maji kidogo yatavuka ukingo wa nje. Yakivuka, yanaangukia kwenye mfereji ulio chini ya fremu na kutoka nje kupitia vitundu vidogo. Vitundu hivyo ndivyo tunavyovidhania kosa la kiwandani! Kwangu fundi rangi aliviziba kabisa, tena akajisifu. Vikizibwa, mfereji unajaa, na kwa dirisha lenye kitasa chini maji yanamwagikia hapohapo kitasani.

Upepo nao una mchango wake. Upepo wa mita 15 kwa sekunde ukigonga dirisha unasukuma kwa shinikizo la takriban paskali 135, linalotosha kushikilia maji yenye kina cha karibu milimita 14 yasitoke. Ukingo wa ndani wa fremu ukiwa mfupi kuliko hapo, maji yataingia hata kama vitundu viko wazi. Ndiyo maana dirisha hilohilo halivuji mvua ya kutulia, ila likipigwa na ile ya kuja na upepo wa baharini, linalia.

“Kaza kitasa, maji yatakoma.” Kazi ya kitasa ni kuvuta kipande kinachofunguka mpaka kibane raba. Ukilazimisha, ulimi unapinda au skrubu zinakula aluminium na kubaki zinazunguka bure. Funga dirisha juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute: kikitoka bila kukwama, raba haibanwi pale. Jaribu pande zote nne, hasa kwenye kona. Baadhi ya vitasa vina pini za kubania zinazorekebishwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), na hapo robo mzunguko huleta tofauti. Lakini dirisha pana lenye kitasa kimoja katikati, ukibana vipi, kona zake zitaendelea kupumua. Hilo linahitaji vitasa viwili.

Raba yenyewe mafundi huivuta wanapoipachika ili itoshe. Baada ya miezi ya jua hurudi urefu wake na kuacha pengo konani. Ikatwe ndefu kidogo, isukumwe ndani bila kuvutwa. Na grisi ya gari isiiguse, kwani mafuta ya petroli huvimbisha raba nyingi za madirisha.

“Silikoni zote ni moja.” Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na inaweza kula chuma na mabati. Kwa madirisha nunua isiyo na harufu hiyo, na uitumie kati ya fremu na ukuta, au tone dogo kwenye tundu la skrubu. Kwenye vitundu vya kutolea maji, kamwe.

Kwa wenye yale madirisha ya zamani ya chuma: kabla ya kuyatupa, kwangua tabaka za rangi pale chuma kinapokutana na chuma. Mengi hayafungi kwa sababu ya rangi tu.

Dirisha langu lilipona kwa waya wa kuzibulia vitundu, raba mpya na kitasa cha pili. Silikoni ya yule fundi wa kwanza bado naikwangua kwa wembe hadi leo.