Kutafuta Nyumba ya Familia Mombasa Kabla ya Kuhama: Anza na Kivuko, Kisha Maji

Kazi yangu ni kutafutia familia nyumba za kupanga hapa Mombasa, na wengi wanaonipigia simu huwa bado wako Nairobi, Eldoret au Kisumu, wamepata uhamisho wa kazi na hawaujui mji huu ila kwa likizo ya siku chache ufuoni. Swali lao la kwanza karibu kila mara ni la kodi: kwa kiasi fulani cha pesa watapata vyumba vingapi vya kulala? Mimi huliweka kando swali hilo kwa muda na kuwauliza watafanya kazi upande gani wa maji, na watoto watasoma upande gani. Kodi huweza kujadiliwa na mwenye nyumba, na hata nyumba yenye kasoro huweza kurekebishwa, lakini hakuna mpangaji aliyewahi kujadiliana na foleni ya feri akashinda.

Kitovu cha Mombasa ni kisiwa, na bara inayokizunguka imegawanyika pande tatu. Upande wa kaskazini, ukivuka Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, unafika Kongowea, Nyali, Kisauni, Bamburi na Shanzu. Upande wa magharibi, ukipitia Makupa, kuna Changamwe, Mikindani, Port Reitz, Jomvu na Miritini, na huko ndiko uliko uwanja wa ndege pamoja na stesheni ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Upande wa kusini ni Likoni na Mtongwe, ambako mtu wa kisiwani hufika kwa feri. Kila upande una njia yake moja kuu ya kuingilia mjini, na njia hiyo ikiziba, mtaa mzima husubiri.

Asubuhi mkondo wa watu huelekea kisiwani, ambako kuna ofisi za serikali, benki, maduka ya jumla na sehemu ya shughuli za bandari ya Kilindini, na jioni mkondo huo hugeuka. Kwa sababu hiyo, mfanyakazi wa hoteli za Bamburi au Shanzu anayeishi Tudor au Ganjoni, huko kisiwani, husafiri kinyume na wengi na kufika kwa utulivu, ilhali mtu anayeishi Kisauni na kufanya kazi Treasury Square kisiwani huhesabu mataa ya nyuma ya magari darajani kila siku ya wiki. Anayefanya kazi uwanja wa ndege au katika maghala ya Miritini afikirie Mikindani au Port Reitz, huku akijua kwamba barabara za huko anazitumia pamoja na malori ya makontena, na kwamba nyumba iliyo kando ya barabara kuu haitakuwa na usiku wa kimya.

Likoni inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu kodi yake ya chini huwavutia wageni. Nyumba ya ukubwa uleule kwa kawaida huwa nafuu Likoni kuliko Nyali, upepo wa bahari ni uleule, na anayevuka kwa miguu halipi chochote, ingawa gari hulipiwa. Hata hivyo feri ina ratiba yake na hitilafu zake, na msongamano wa alfajiri si mahali pa kumpitisha mtoto wa darasa la kwanza akiwa na begi mgongoni. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamwezesha mwenye gari kutoka Miritini hadi upande wa kusini bila kupanda feri, lakini kwa mtu ambaye kazi yake iko katikati ya kisiwa, hiyo ni kuzunguka nyumba nzima ili kuingilia mlango wa nyuma. Ushauri wangu ni kwamba ikiwa kazi, shule na soko vyote vitakuwa kusini, Likoni ni mahali pazuri pa kulea familia. Ikiwa hata mmoja wenu atalazimika kuvuka kila siku, ongeza nauli, saa na uchovu kwenye ile kodi nafuu, kisha ulinganishe upya. Wapo watu waliovuka feri maisha yao yote na hawatahama kwa bei yoyote, lakini hao walizaliwa na ratiba yake.

Mtwapa nayo hutajwa sana, na kwa haki, maana nyumba ni nyingi na mji una uhai hata usiku. Mgeni akumbuke tu kwamba akishavuka daraja la Mtwapa yuko Kaunti ya Kilifi, na kwamba safari ya kuja kisiwani kila asubuhi ni ndefu.

Shule huamua mengi kuliko wazazi wanavyodhani. Basi la shule linalochukua watoto alfajiri huzunguka mitaa kadhaa kabla ya kufika, kwa hiyo nyumba iliyo mwanzo wa njia yake humwamsha mtoto mapema zaidi kuliko ile iliyo mwisho. Pata kwanza nafasi ya shule, uliza basi linapita mitaa ipi, kisha utafute nyumba katika mitaa hiyo. Familia za Kiislamu huongeza swali la madrasa, kwa kuwa mtoto anayekwenda chuo alasiri au mwisho wa wiki anahitaji kufika kwa miguu, bila kutegemea bodaboda. Hesabu pia miezi. Muhula wa kwanza huanza Januari, hivyo familia nyingi hutafuta nyumba mwezi wa Desemba, mwezi uleule ambao wageni wa sikukuu hujaza Nyali na Bamburi, na wenye nyumba zenye fanicha hupendelea kukodisha kwa usiku mmoja mmoja. Afadhali mmoja wenu aje Oktoba au Novemba, apange chumba cha muda upande ule wa maji ambako kazi itakuwa, na aitafute nyumba ya familia kwa miguu yake. Mvua za vuli nazo humwonyesha barabara ya mtaa ilivyo ikilowa, jambo ambalo picha za Februari haziwezi kumwonyesha.

Baada ya kivuko huja maji, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere katika Milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Yanayofika hayatoshi mji mzima, kwa hiyo hugawanywa kwa zamu, na baadhi ya mitaa hukaa siku nyingi bila tone. Pengo hilo hujazwa na visima vya ndani ya ploti, maboza (malori ya tanki la maji), na wauza maji wanaosukuma mikokoteni yenye mitungi ya lita 20. Kwa hiyo ukimwuliza msimamizi wa jengo kama kuna maji, atakujibu kwamba yapo, na hatakuwa amekudanganya. Swali linalofaa ni maji gani, huja siku zipi, huhifadhiwa wapi, na nani hulipa yakikatika.

Fanya hesabu. Familia ya watu watano ikitumia lita 50 kwa kila mtu kwa siku, kiwango kisicho cha anasa, itahitaji lita 250, yaani mitungi 12 na nusu kila siku. Tanki la lita 1,000 lililo lenu peke yenu litawatosha siku nne. Tanki la lita 10,000 linalohudumia nyumba kumi za ukubwa huo halikupi zaidi ya siku hizohizo nne, hata kama linaonekana kubwa kama gari likiwa juu ya paa. Jengo lenye tanki la chini ya ardhi, pampu inayofanya kazi na tanki la juu lina heri, lakini uliza pampu hiyo hutumia umeme wa nani na hufanyaje stima zikipotea. Uliza pia kama bili ya maji imo ndani ya kodi, au kila nyumba ina mita yake, au gharama ya boza hugawanywa sawa kwa wapangaji wote. Mgao wa sawa kwa sawa huleta ugomvi haraka, hasa pale nyumba ya mtu mmoja inapolipa sawa na nyumba ya watoto wanne.

Maji ya kisima mara nyingi huwa na chumvi. Angalia kichwa cha bomba la kuogea na mifereji ya jikoni. Ukiona ukoko mweupe umeganda na chuma kimeliwa, umepata jibu bila kuuliza. Maji hayo yanafaa kwa kuogea, kufua na chooni, ingawa sabuni haitoi povu vizuri na birika za umeme hazidumu. Ya kunywa na kupikia utanunua, na gharama hiyo ni sehemu ya kodi yako hata kama haikuandikwa. Kisima kikiwa karibu na shimo la choo, chemsha au tia dawa maji ya kinywani bila kubishana na mtu. Na kwa kuwa kila nyumba huhifadhi maji, hakikisha matangi yana vifuniko na madirisha yana wavu, maana mbu anayeeneza homa ya dengue na chikungunya huzaliana katika maji safi yaliyotulia, na Mombasa imewahi kupata milipuko ya yote mawili.

Njia bora ya kujua ukweli wa maji ni kumwuliza jirani mnapokuwa bila dalali. Mkute mama anayeuza mahamri kibarazani au mzee wa duka la kona, msalimie inavyopasa, kisha umwambie: «Shikamoo mzee, nataka kuhamia jengo lile na watoto. Maji hapa huja siku gani?» Atakuambia siku, saa, na mara nyingi sababu iliyomhamisha mpangaji aliyetangulia.

Joto nalo lina hesabu yake. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na hiyo ndiyo miezi ya jasho. Kuanzia Aprili kusi huleta mvua na ubaridi kidogo. Nyumba yenye madirisha pande mbili zinazotazamana hupitisha upepo misimu yote miwili, ilhali nyumba yenye madirisha upande mmoja inayogusana na ukuta wa jirani hugeuka tanuri. Ghorofa ya mwisho chini ya saruji tupu hubaki na joto hadi usiku wa manane, na kodi yake ndogo hurudi kwa mlango wa bili ya feni na kiyoyozi. Iangalie nyumba saa nane mchana. Dalali anayesisitiza mwende asubuhi mapema huenda ana sababu yake.

Mji wa Kale ninaupenda, lakini huwa ninamtahadharisha mgeni mwenye fanicha nyingi kwamba lori halitafika mlangoni. Vitu vitaingia kwa mikokoteni na mabega ya hamali.

Asiyeweza kuja kabisa aombe simu ya video ya moja kwa moja, na awe yeye anayeelekeza: fungua mfereji wa jikoni, sasa wa chooni juu, washa taa, nionyeshe mita, toka nje ya geti utembee hadi barabara ya matatu bila kukata simu. Picha zilizotumwa kwenye simu huweza kuwa za nyumba ya mtu mwingine, hata ya mji mwingine. Anayekuhimiza utume dipoziti kwa M-Pesa leo kwa kuwa kuna mteja mwingine njiani, wakati hujaona nyumba wala hujakutana na mwenyewe, mwache ampe huyo mteja wa njiani. Ada ndogo ya kuonyeshwa nyumba imezoeleka, na huo ni utaratibu wa madalali, lakini ilipwe mkiwa mlangoni. Mawakala wa nyumba nchini Kenya wanatakiwa kisheria kusajiliwa na bodi yao, kwa hiyo kuomba cheti si utovu wa adabu.

Mombasa ina jambo jingine ambalo mgeni wa bara hulishangaa: nyumba huweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Mpango huu wa nyumba bila ardhi ni wa zamani, na wapangaji wengi huishi chini yake kwa amani, ila mgogoro wa ardhi ukizuka, mpangaji hujikuta katikati. Uliza mapema, na uhakikishe anayetia sahihi mkataba ndiye mwenye nyumba au ana barua ya kumwakilisha.

Mkataba uandikwe hata kama mwenye nyumba ni mtu wa heshima mliyetambulishwa na ndugu. Utaje kodi na siku ya kulipwa, kiasi cha dipoziti na siku ya kurudishwa, kodi itapandishwa lini na kwa kiasi gani, nani hupaka rangi, nani hutengeneza pampu, na notisi ya kuhama. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, sheria ya ardhi inataka notisi ya mwezi mmoja. Ukichelewesha kodi, mwenye nyumba hana haki ya kuja na kufuli lake akufungie nje. Kukamata mali kwa ajili ya kodi hufanywa kwa utaratibu wa sheria kupitia dalali wa mnada mwenye leseni.

Mita ya umeme ya tokeni iwe ya nyumba yenu pekee, na namba yake iandikwe mkatabani. Kabla vitu havijashushwa, pitia nyumba na msimamizi, piga picha kila ukuta wenye ufa, kila mfereji unaovuja, kila kitasa kilicholegea na namba iliyo kwenye mita ya maji, kisha umtumie mwenye nyumba picha hizo kwa simu siku hiyohiyo. Ujumbe huo una tarehe, nao ndio utakaoutoa siku mtakapoanza kuzungumzia dipoziti.