Je, wajua? Homoni ya asubuhi ina breki ya afyuni

Kwa muda mrefu niliamini, na hata kuwaeleza wenzangu barazani, kwamba endofini ni kemikali za raha tu: mtu hukimbia mchangani, zikatoka, akachangamka, basi. Na kwa kuwa kortisoli, homoni inayouandaa mwili kuamka, hupanda asubuhi, nilidhani endofini ndizo zinazoipandisha. Nilikosea mara mbili. Endofini na ndugu zake enkefalini, ambazo wanasayansi John Hughes na Hans Kosterlitz walizitambua Aberdeen, Uskoti, mwaka 1975, ni afyuni inayotengenezwa na mwili wenyewe, nayo hukaa kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazonasa kemikali, vilevile vinavyopokea mofini, dawa ya maumivu itokanayo na afyuni. Kwa kortisoli, kazi yake kubwa si kusukuma bali ni kuzuia.

Mwenye kupanga nyakati ni saa ndogo iliyomo ubongoni. Kortisoli huanza kupanda kabla ya adhana ya alfajiri, ikafika kileleni karibu na wakati wa kuamka, kisha ikashuka hadi usiku wa manane.

Tumfikirie mtu wa Pemba anayeteremka kilima kwa baiskeli, nyuma amefunga gunia la karafuu, na mkono haubanduki kwenye breki. Anayemtazama kwa mbali huona mwendo wa taratibu, akadhani mteremko si mkali. Waya wa breki ukikatika, baiskeli huongeza kasi ingawa hakuna aliyekanyaga pedeli. Naloksoni, dawa inayoziba vipokezi hivyo vya afyuni na inayotumika kumwokoa aliyezidisha heroini, hufanya jambo hilohilo: watu wenye afya, wasiotumia afyuni yoyote, walipopewa, kortisoli yao ilipanda. Breki, kumbe, ilikuwa imeshikwa muda wote.

Hata hivyo, dozi kubwa za naloksoni huziba vipokezi vya aina zaidi ya moja, na ushahidi kwamba breki hii ndiyo inayochora kupanda na kushuka kwa kila siku ni mwembamba kuliko ushahidi kwamba breki ipo.

Ajabu zaidi ni asili yake. Protini moja ndefu hukatwa vipande, na humo hutoka homoni inayoziamrisha tezi za juu ya figo zitoe kortisoli, na humohumo hutoka beta-endofini, kana kwamba fundi baiskeli amechonga pedeli na breki kutokana na chuma kimoja. Ila beta-endofini ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, huingia damuni na haipenyi ubongoni kwa urahisi. Ile inayoshika breki hutengenezwa zaidi ndani ya ubongo wenyewe, kwa chuma kilekile.