Pemfigasi na damu ya ukoo: maswali ninayoulizwa kliniki ya ngozi

Wagonjwa wa pemfigasi si wengi, lakini maelezo yao utadhani wamekaa kikao. Wameanza na vidonda mdomoni, wamemaliza miezi wakizunguka, na mtu fulani nyumbani ameshawaambia, "Hii ni ya ukoo, haina dawa." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Pemfigasi ni nini?

Seli za ngozi zimeshikana kwa protini zinazoitwa desmogleini, kama matofali na udongo. Kwa mgonjwa wa pemfigasi, kinga ya mwili inaishambulia gundi hiyo kana kwamba ni kijidudu. Seli zinaachana, maji yanajaa katikati, lengelenge linainuka. Ni laini, hupasuka upesi na kuacha kidonda kibichi. Haiambukizi, kwa hiyo sahani na kikombe cha mgonjwa virudisheni pamoja na vya wengine.

Ni ya kurithi?

Kinachorithiwa ni wepesi wa kuipata. Kuna kundi la jeni linaloitwa HLA, nusu tunapewa na baba, nusu na mama. Kazi yake ni kuzionyesha seli za kinga vipande vya protini, zipate kujua kipi cha mwilini na kipi mgeni. Aina mbili, DRB1*04:02 na DQB1*05:03, huonekana mara nyingi kwa wagonjwa wa pemfigasi vulgaris, ile aina inayoonekana zaidi. Ya kwanza imeenea zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki, ndiyo maana huugua zaidi ya watu wengine. Hata hivyo, wengi wenye jeni hizo huzeeka bila lengelenge hata moja. Lazima kitu kingine kiamshe ugonjwa. Vijijini Brazil kuna pemfigasi inayokumba maeneo fulani tu, na watafiti wanawashuku wadudu wanaouma, jamii ya usubi, kwa watu wenye jeni za kuwapokea vibaya.

Mama yangu anayo. Na mimi je?

Kuona wagonjwa wawili nyumba moja ni nadra sana. Usihangaike kutafuta kipimo cha jeni, hakitakuambia utaugua au hutaugua.

Kama iko kwenye damu ya ukoo, hospitali itafanya nini?

Itakuokoa maisha. Kabla ya dawa za steroidi, zinazotuliza kinga ya mwili, kuanza kutumika miaka ya 1950, wengi wa wagonjwa hawa walikufa. Ngozi iliyochubuka hupoteza maji na protini, na bakteria huingia kama mlango umeachwa wazi. Leo kuna prednisoloni, ambayo ni steroidi, kuna azathioprini, na kuna rituksimabu, ambayo Marekani iliidhinisha kwa pemfigasi mwaka 2018. Jeni hatuzibadilishi, kweli. Kinga iliyochachamaa tunaituliza, na wengi wanarudi shambani na dukani kwao.

Lakini mzee wa ukoo amesema tusubiri tambiko kwanza.

Tambiko fanyeni, mgonjwa akiwa tayari ameanza dawa. Nilimpokea mama mmoja aliyeletwa amelala kwenye kanga. Kuitoa ile kanga mgongoni ilibidi tuilowanishe kwa maji ya chumvi kidogo kidogo, karibu saa nzima, maana ilikuwa imegandana na nyama. Miezi mitano alikuwa nyumbani. Ukoo ulikuwa unasubiri! Kusubiri hakujawahi kukausha pemfigasi ya mtu yeyote niliyemhudumia.

Nina vidonda vya mdomoni tu, ngozi ni safi. Nisubiri?

Hapana. Zaidi ya nusu ya wagonjwa huanzia mdomoni, na ngozi hufuata baada ya wiki au miezi. Dalili ninazozisikia: chai ya moto haipiti, mswaki umeachwa, uji unanywewa ukiwa umepoa huku mtu amefumba macho. Dukani amepewa dawa ya fangasi, halafu vitamini, halafu tena dawa ya fangasi. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili bila kupona, nenda hospitali. Wiki mbili, si mwaka.

Nipake nini wakati najiandaa kwenda?

Maji safi na kitambaa safi kisichogandana, basi. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya breki (ndiyo, nayo nimeyakuta) vinachoma ngozi ambayo tayari haina ganda.

Malengelenge yamekauka. Niache prednisoloni?

Usithubutu. Ukiwa umeimeza kwa wiki nyingi, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala; ukikatisha ghafla, unaweza kuanguka kwa presha kushuka, na malengelenge yakarudi. Dozi hupunguzwa taratibu, na anayepunguza ni daktari. Jirani aliyepona si daktari.

Siku ya kliniki nije na nini?

Dawa zote ulizotumia, pamoja na za duka la dawa muhimu na za kienyeji. Sitakugombeza, au nitakugombeza kidogo tu. Daktari atakata kinyama kidogo kwenye lengelenge na kingine kwenye ngozi ya pembeni yake, kwa ganzi, vipelekwe maabara. Kwa hiyo kama asubuhi hiyo umeamka na lengelenge jipya, usilitoboe. Hilo ndilo tunalolitaka.