Chardonnay ya nchi ya baridi: maana yake na namna ya kuionja

Baridi inayosemwa hapa ni ya shambani, si ya friji. Ni mahali ambapo zabibu huiva taratibu na mkulima hukaribia mavuno akiwaza kama jua litatosha. Chardonnay ni zabibu nyeupe (na mvinyo wake huitwa hivyohivyo) yenye asili ya Burgundy, Ufaransa, na leo imesambaa karibu kila nchi inayotengeneza mvinyo. Mfano unaotajwa sana wa shamba la baridi ni Chablis, kaskazini mwa Burgundy. Afrika Kusini wanazo sehemu za Elgin na Hemel-en-Aarde, zinazopozwa na upepo wa bahari. Elgin ni maarufu pia kwa matufaha.

Mtu wa Tanga hahitaji ramani ya Ufaransa kuielewa tofauti yenyewe. Mkoa wetu huleta sokoni matunda ya namna mbili: Muheza kuna machungwa, maembe na mananasi, Lushoto, juu Usambara, kunashuka peasi, plamsi na matufaha. Chardonnay ya shamba la joto hunukia upande wa Muheza, embe na nanasi. Ya baridi hunukia upande wa Lushoto, tufaha la kijani na peasi, ikichanganyika na ganda la ndimu.

Sababu iko kwenye uchachu. Zabibu changa ina asidi nyingi ya maliki, ileile inayolifanya tufaha bichi liume ulimi. Joto huipunguza asidi hiyo tunda likiwa bado mtini, huku sukari ikipanda, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Kwenye baridi asidi hubaki na sukari haikimbii. Ndiyo maana chupa nyingi za aina hii huwa na kilevi cha asilimia 12 hadi 13, wakati za mashamba ya joto hufika 14 au kupita. Kuupima uchachu, meza funda moja (au tema, kama waonjaji wa kazi, la sivyo wangekuwa wamelewa saa nne asubuhi), kisha tulia. Mate yakijaa mdomoni na yakaendelea kuja, uchachu upo wa kutosha.

Rangi isikupotezee muda. Manjano hafifu yenye ukijani kidogo ni dalili nzuri. Dhahabu iliyokolea inaweza kuletwa na joto, mapipa au umri wa chupa.

Puani ndipo mkono wa mtengenezaji unapojitokeza. Harufu ya siagi haitoki kwenye zabibu. Bakteria hugeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, ile ya maziwa mgando, na katika kazi hiyo huacha diasetili, yenye harufu ya siagi. Vanila huletwa na mapipa mapya ya mwaloni. Watengenezaji wengi wa nchi za baridi huwaachia bakteria hao makusudi ili ukali upungue, na hilo silioni kuwa kosa. Kosa, kwangu, ni siagi na vanila kulifunika tunda hadi usijue shamba lilikuwa wapi.

Utasikia pia habari za jiwe lililolowa na ganda la chaza, hasa kwa Chablis, ambako udongo wa chokaa una mabaki ya chaza wa bahari ya kale. Sisi wa pwani maneno hayo yanatuvuta haraka. Lakini mzizi haunyonyi ladha ya ganda na kuipeleka kwenye tunda. Harufu unaweza kuipata kweli. Chanzo chake ndicho kinachobishaniwa.

Hapa kwetu kinachoharibu zaidi ni joto la chumba. Nyuzi 10 hadi 12 zinafaa. Mvinyo ukitoka moja kwa moja kwenye friji, harufu imejifunga na uchachu ndio unaosikika peke yake. Ukikaa mezani mchana wa Februari, kilevi kinapanda puani na tunda linalegea. Mimina kidogo kidogo, chupa ibaki kwenye maji yenye barafu, uonje tena glasi inavyopata joto.

Mwisho angalia kinachobaki mdomoni. Tunda na uchachu vikiondoka pamoja, polepole, mvinyo una uwiano. Ukibaki ukali mtupu, huenda zabibu zilichumwa kabla ya wakati, na hapo kusifu baridi ya shamba hakusaidii.