Amekuja kwa ajili ya akili, damu mnamtoa ya nini?

"Mgonjwa wetu ana tatizo la akili. Presha mnampima ya nini? Mkojo wa nini? Mpeni dawa atulie." Hakuna kliniki ya afya ya akili isiyolijua swali hili. Ndugu wanaoliuliza hawana nia mbaya: wamekesha naye siku tatu, nauli inakaribia kwisha, na vipimo wanaviona kama kuzungushwa tu. Lakini dhana iliyojificha humo, kwamba akili huugua peke yake na mwili haumo, inapoteza watu ambao wangeweza kupona ndani ya wiki moja.

Chukua mzee wa miaka 70 aliyekuwa akienda shambani hadi juzi. Usiku wa kuamkia leo ameanza kugombana na watu wasioonekana, anachumachuma shuka kana kwamba anaokota uzi, anamwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake. Asubuhi katulia, jioni yamerudi. Nyumbani watasema mapepo, au uzee. Hali hii ni kuweweseka, nayo ni dharura ya mwili. Imeanza ndani ya saa au siku chache, inapanda na kushuka siku hiyohiyo, na umakini umevunjika. Umakini unapimwa bila mashine: mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, aliyesikia sauti kwa miaka kumi mara nyingi atafika Jumatatu. Anayeweweseka atapotelea Alhamisi, atasinzia, au atakuuliza mlikuwa mnasema nini.

Hapo tunatafuta maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, sukari iliyoshuka, mkojo uliokwama, chumvi za damu zilizovurugika, au kidonge kipya. Amitriptilini ya kumpa usingizi ikikutana na Piriton ya mafua, kwa mzee hiyo peke yake inaweza kutosha. Ukimchoma haloperidoli, dawa ya kutuliza wazimu, na kumrudisha nyumbani atatulia kweli, huku nimonia ikiendelea kumla.

Mnywaji wa kila siku naye, akilazwa kwa kuvunjika mguu kisha siku ya pili au ya tatu akaanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani, hajarogwa. Mwili umekatiwa pombe ghafla. Anahitaji diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kipimo, na thiamini (vitamini B1) itangulie dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi humaliza akiba ndogo ya thiamini iliyobaki na ubongo unaweza kudhurika daima.

Yapo pia yanayokuja polepole. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, iliyolegea humfanya mtu awe mzito, alale sana, anenepe, asijali kitu. Anameza dawa ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, miezi sita na habadiliki. Tezi hiyohiyo ikizidisha kazi huleta wasiwasi, mapigo ya moyo na kukosa usingizi. Upungufu wa damu hufanana na sonona, na VVU au kaswende iliyofika kwenye ubongo inaweza kuleta wazimu kamili. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa kipimo kikubwa inaweza kumfanya mtu asilale, aongee bila kituo na agawe mali. Skizofrenia mara nyingi huanza kati ya mwisho wa balehe na miaka ya thelathini. Anayesikia sauti kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60, tafuta chanzo mwilini kwanza.

Ndiyo maana Tanzania daktari bingwa wa magonjwa ya akili husoma udaktari miaka 5, hufanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, ndipo aingie ubingwa wa miaka 3. Stethoskopu yake si pambo. Mwanasaikolojia tiba amesomea mazungumzo, haandiki dawa. Muuguzi wa afya ya akili ndiye mara nyingi wa kwanza kuona kwamba mgonjwa hali chakula. Ofisa ustawi wa jamii huuliza nani analipa kodi ya chumba. Wote wanamhudumia mtu mmoja.

Na mwili haushughulikiwi siku ya kwanza tu. Watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao huuawa na magonjwa ya mwili yanayozuilika. Anayeanza olanzapini, dawa ya wazimu, apimwe uzito, kiuno na sukari kabla ya kidonge cha kwanza, arudiwe baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, apimwe damu saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kwa kawaida tunataka kiwango cha milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na figo na thairoidi zipimwe kila miezi 6. Akiumwa mgongo asijinunulie diclofenac wala ibuprofen dukani: hizo hupandisha lithiamu hadi kuwa sumu. Kutetemeka sana, kuhara na kupepesuka ni alama za kumkimbiza hospitali.

Yapo na maneno mengine tunayoyasikia. "Shingo imepinda, macho yamepanda juu, ni jini." Ikitokea saa chache au siku chache baada ya sindano ya haloperidoli, ni misuli iliyokazwa na dawa. Sindano ya dawa ya kuilegeza huimaliza ndani ya dakika 30 hivi. Usimfiche, mrudishe.

"Nimepata nafuu, naacha." Kwa sonona, endelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha punguza taratibu pamoja na daktari. Na fluoxetini, dawa ya sonona, haina uraibu. Diazepamu inao, kwa hiyo haipaswi kuzidi wiki chache.

"Kuongea si tiba." Zimbabwe, mradi wa Friendship Bench ulioanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006 hufundisha kina bibi kukaa benchini na mgonjwa na kutatua naye tatizo moja moja. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha dalili za wagonjwa hao zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Washona, kabila la huko, huita hali ile kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema mawazo.

"Ukimuuliza kuhusu kujiua unampa wazo." Humpi. Muulize waziwazi.

"Achague, dawa au maombi." Asichague. Shehe au mchungaji wake tunamtaka upande wetu. Ramadhani, dozi ya mara moja kwa siku kwa kawaida huhamishiwa futari, lakini wa lithiamu aje kabla ya mwezi kuandama, maana mwili ukikauka maji kiwango kinapanda.

Siku ya kwanza mlete na mtu anayelala naye nyumba moja, ndiye anayejua usiku ulivyokuwa. Na mje na mfuko wa dawa zote: za presha, za uzazi wa mpango, za kufubaza VVU, za mganga, hata zile za kwenye chupa isiyo na lebo.