Si kweli kwamba misimbo ya wanawake haifiki kiwango

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti wanawake ni wachache katika programu huria (programu za kompyuta ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuziboresha) kwa sababu misimbo yao, yaani maagizo ya kompyuta wanayoandika, ni dhaifu. Si kweli. Utafiti uliochapishwa 2017, uliopitia mamilioni ya mapendekezo ya kubadili msimbo, ulikuta ya wanawake yakikubaliwa kwa asilimia 78.7, ya wanaume 74.6. Ila kwa wageni katika mradi, jinsia ilipotambulika kwenye wasifu, kiwango cha wanawake kilishuka chini ya cha wanaume. Hilo linauma. Uchache wenyewe upo, na ndio unaochanganya watu: wanaona idadi, wanadhani wameona uwezo. Kumbukumbu za miradi hii ziko wazi. Fungua, soma michango na majibu iliyopewa. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.