Mkono huumbwa kabla ya kliniki ya kwanza

Akina mama wanaoniletea watoto waliozaliwa na vidole vilivyoshikana, au mkono ulioishia chini ya kiwiko, huniuliza swali lilelile: je, ni ile ndoo niliyobeba mimba ikiwa na miezi sita? Nawajibu hapana, na natamani mama wakwe na mawifi wangekuwepo kusikia.

Mkono huanza kuchipuka takriban siku ya 26 tangu mimba kutungwa, na mguu siku moja au mbili baadaye. Wiki ya 8 ikiisha, kiwiko kipo, kiganja kipo, na vidole vimeachana. Baada ya hapo kazi kubwa ni kukua.

Kwenye ncha ya chipukizi hilo pana ukingo mwembamba wa seli unaosukuma kiungo kirefuke. Mwaka 1948, mwanabiolojia Mmarekani John Saunders aliukata ukingo huo kwenye mabawa ya vifaranga ambao walikuwa bado ndani ya yai. Alipoukata mapema, bawa liliishia karibu na bega. Alipochelewa, ilikosekana sehemu ya mwisho tu. Kundi jingine la seli, upande wa kidole cha mwisho, hutoa protini ya SHH inayopanga vidole. Protini hiyo ikitolewa pia upande wa gumba, huota kidole cha ziada upande huo.

Vidole vilivyoshikana vina maelezo yake. Kiganja huanza kikiwa bapa kama kasia, kisha seli zilizo kati ya vidole hufa kwa mpangilio. Zisipokufa, ngozi hubaki imeviunganisha.

Dawa ya thalidomaidi, ambayo wajawazito walipewa kutuliza kichefuchefu, ilituonyesha jinsi muda huo ulivyo mfupi. Iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikaondolewa Novemba 1961, baada ya kudhuru watoto zaidi ya 10,000 duniani. Hatari kwa mikono na miguu ilikuwa takriban siku ya 20 hadi ya 36 tangu mimba kutungwa, wakati ambao wengi hata hawajajua kama wana mimba. Kwa hiyo anayepanga kuzaa aulizie dawa zake mapema, asisubiri kliniki.

Zipo hitilafu za baadaye: utando unaomzunguka mtoto ukichanika, nyuzi zake huweza kukaza kidole kilichokwisha kuumbwa. Hilo nalo halisababishwi na ndoo.

Kidole cha sita kando ya kile cha mwisho ni cha kawaida kwetu Waafrika, na mara nyingi hurithiwa. Tafadhali msikifunge uzi nyumbani. Mleteni mtoto kwanza tuangalie kama kina mfupa.